Hekalu la Preah Vihear: uso umeelekea Thailand, mgongo umeegemea Kambodia

Vita vya siku tano kati ya Thailand na Kambodia mwezi Julai 2025, na mapigano yaliyozuka tena Desemba mwaka huohuo, vimeacha maswali mengi kwenye mitandao yetu. Nchi mbili za Wabuddha zinagombania vipi hekalu la Wahindu? Wahindi walifikaje huko? Kama mahakama ilishaamua, mbona mizinga bado inalia? Wapo pia waliosikia hekalu hilo likitajwa pamoja na mahandaki na askari, wakaamini kwamba tangu mwanzo lilijengwa liwe ngome.

Maswali haya yote yana fundo moja, nalo ni namna jengo lilivyolazwa juu ya mlima. Ukishajua kwa nini ngazi zake zinaanzia kaskazini, sehemu kubwa ya ugomvi inajieleza.

Mhindi, Mhindu na Mkhmer

Tuanze na maneno, maana hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani. Kwa kuwa Wahindu wengi tunaowajua Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ni Wahindi, maneno haya mawili yamekaa midomoni kama neno moja. Lakini Mabohora ni Wahindi na ni Waislamu, Wagoa wengi ni Wakatoliki, na Masingasinga wana dini yao. Vivyo hivyo, si kila Mhindu ni Mhindi.

Preah Vihear ilijengwa na Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, chini ya wafalme Wakhmer, kwa mawe ya mlima uleule na kwa mikono ya mafundi wa palepale. Dini ndiyo iliyovuka bahari, kwa njia ya wafanyabiashara na makuhani, pamoja na lugha ya Kisanskriti na hadithi za miungu. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kupata mfano. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa katika karne ya 11, wakati uleule Wakhmer walipokuwa wakichonga mawe ya Preah Vihear. Uislamu ulikuja Kilwa kwa njia ya bahari, lakini msikiti ni kazi ya Waswahili, kwa matumbawe na chokaa ya kwao. Kuwepo kwake hakumfanyi mtu wa Kilwa kuwa Mwarabu, na kuwepo kwa sanamu ya Shiva hakumfanyi Mkhmer kuwa Mhindi.

Maneno mengine machache yatatusaidia mbele. Shiva ni mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, na makao yake ni kilele cha mlima Kailasa. Alama yake hekaluni ni linga, nguzo fupi ya jiwe yenye kichwa cha mviringo, ambayo humwagiwa maji na maziwa wakati wa ibada. Gopura ni jengo la lango: nyumba kamili ambayo mtu anapita katikati yake, kubwa kuliko tundu la mlango ukutani. Mandapa ni ukumbi ulio mbele ya chumba kitakatifu. Naga ni nyoka wa vichwa vingi, mlinzi wa maji na wa mapito.

Ubuddha nao ulikuja kutawala baadaye. Mwishoni mwa karne ya 12 mfalme Jayavarman VII alishika dini ya Buddha, na karne zilizofuata Wakhmer na Wathai wote wakawa Wabuddha wa mapokeo ya Theravada. Hekalu halikubomolewa wala kuachwa ukiwa. Lilibadilishwa matumizi, likaendelea kuwa mahali patakatifu. Ndiyo maana watu wa pande zote mbili hulihesabu kuwa lao la kiimani, ingawa hakuna anayemwomba Shiva pale kwa namna ya zamani. Hata jina ni lilelile kwa matamshi mawili: Wakhmer husema Preah Vihear, Wathai husema Phra Wihan, na maana yake ni mahali patakatifu pa ibada.

Mlima uliokuwa tayari

Milima ya Dangrek inakwenda mashariki hadi magharibi kama ukuta mrefu. Upande wa kaskazini, ambako leo ni Thailand, ardhi inapanda polepole mpaka juu. Upande wa kusini, wa Kambodia, mlima unakatika ghafla na kuacha genge linaloanguka zaidi ya mita 500 hadi kwenye tambarare. Ni kama kabari iliyolazwa chini: upande mmoja mteremko mwepesi, upande mwingine ukuta. Hekalu liko kwenye ulimi wa mwamba uliochomoza kusini, mita 625 hivi juu ya usawa wa bahari.

Wafalme Wakhmer waliokaa Angkor, kwenye tambarare, walikuwa na kazi ngumu kila walipotaka kumjengea Shiva makao yanayofanana na Kailasa. Ilibidi wajenge mlima wenyewe, jukwaa juu ya jukwaa. Huku Dangrek mlima ulikuwepo tayari. Makao ya watawa yalianza hapa mwishoni mwa karne ya 9, enzi za Yasovarman I. Sehemu kubwa ya mawe tunayoyaona ilijengwa na Suryavarman I katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, na kazi ikaendelea hadi karne ya 12 kwa Suryavarman II, mfalme yuleyule aliyejenga Angkor Wat. Mungu wa hapa aliitwa Shikhareshvara, yaani Bwana wa Kilele. Maandishi ya karne ya 12 yaliyochongwa pale yanamtaja kuhani Divakarapandita, mshauri wa wafalme kadhaa, na zawadi alizoleta, mojawapo ikiwa sanamu ya dhahabu ya Shiva akicheza ngoma.

Mahekalu mengi ya Wakhmer yanaelekea mashariki, jua linakochomoza. Preah Vihear linaelekea kaskazini, na sababu ni mlima wenyewe. Aliyetaka kumpandisha mcha Mungu hatua kwa hatua hadi kileleni alikuwa na mteremko mmoja tu wa kutumia, wa kaskazini. Kusini ni hewa. Wakati huo hapakuwa na mpaka wowote pale; milki ya Wakhmer ilienea mbali kaskazini, ndani ya eneo ambalo leo ni Thailand. Mjenzi wa mwaka 1030 hakuwa akimpa mtu mgongo wala uso. Alikuwa akifuata ardhi.

Hekalu jingine katika safu hiyohiyo linathibitisha jambo hili. Ta Muen Thom, lililo mbali magharibi, pia ni la Shiva, na limejengwa kuzunguka jiwe la asili lililohesabiwa kuwa linga. Lango lake kuu linaelekea kusini, upande wa Kambodia, kwa sababu pale kuna njia ya kupenya mlimani na barabara ya kale ilipanda kutoka huko. Anayedai kwamba uso wa hekalu huonyesha mwenye ardhi atalazimika kugawa mahekalu haya mawili kinyume na anavyotaka.

Kupanda kwa mita 800

Mahekalu mengi hupangwa kama pete ndani ya pete, patakatifu pakiwa katikati. Preah Vihear ni mstari. Kutoka mguu wa ngazi hadi ukingo wa genge ni kama mita 800, na mwisho wa mstari uko mita 120 hivi juu ya mwanzo wake. Njiani kuna gopura tano. Jambo linalowachanganya wageni ni namba zake: wataalamu walihesabu kuanzia patakatifu kwenda nje, kwa hiyo lango la kwanza unalokutana nalo ni gopura ya 5, na la mwisho ni gopura ya 1. Ukisoma maelezo ukadhani gopura ya 1 ndiyo ya chini, kila picha utaiweka mahali pasipo pake.

Mwanzoni kuna ngazi ya vidato 162, yenye upana wa mita 8 hivi, na baadhi ya vidato vimechongwa moja kwa moja kwenye mwamba. Vidato ni virefu na vyembamba, mtu hupanda ameinama kidogo, naye akiinua macho haoni kitu ila anga. Ngazi ikiisha unafika kwenye njia iliyowekwa naga wawili pande zote, miili yao imelala chini kwenye sakafu kama mabomba makubwa ya jiwe, vichwa vimeinuka mwishoni. Katika majengo ya baadaye Wakhmer waliinua naga juu ya vinguzo kama reli ya daraja. Kulala huku chini ni dalili ya ukale.

Gopura ya 5 ndiyo inayopigwa picha zaidi, na ndiyo isiyoeleweka zaidi. Inaonekana kama kiunzi: nguzo za mraba, mihimili ya juu ya jiwe, pembetatu za mbele zenye ncha zilizojikunja, na hakuna paa. Wengi husema ni jengo ambalo halikumalizwa. Sivyo. Lilikuwa na paa la boriti za mbao lililoezekwa vigae vya udongo. Matundu ya kuchomekea boriti bado yako kwenye mawe, na mabaki ya rangi nyekundu pia. Mbao zilioza, vigae vikaanguka, jiwe likabaki peke yake likibeba umbo la nyumba ya mbao. Zile pembetatu zenye ncha zilizojikunja ni seremala aliyeigwa na mchonga mawe.

Kutoka hapo njia ya mawe ya mita 270 hivi inaendelea kupanda hadi gopura ya 4. Mashariki ya njia kuna bwawa lililojengwa kwa mawe, la kuhifadhi maji ya mvua, maana juu ya mwamba hakuna kisima. Kwenye gopura ya 4, upande wake wa kusini, kuna mchongo ulio bora kuliko yote ya Preah Vihear: Kusukwa kwa Bahari ya Maziwa. Miungu na majitu wamemkamata nyoka mkubwa aliyezungushwa kwenye mlima, wanamvuta huku na huku, na mlima unazunguka baharini hadi maji ya uzima yatoke. Mlima umesimama juu ya mgongo wa kobe, naye kobe ni mungu Vishnu. Mtu aliyeona maziwa mgando yakisukwasukwa kibuyuni hadi siagi ijitenge hahitaji kuelezwa zaidi. Ila lazima ugeuke nyuma kuuona. Ukipita lango bila kugeuka, mchongo unabaki mgongoni.

Gopura ya 3 ndiyo kubwa kuliko zote, na ina kumbi mbili ubavuni. Baada yake majengo yanasongamana: gopura ya 2, ua wenye majengo mawili madogo ambayo watafiti huyaita maktaba, gopura ya 1, na ua wa mwisho uliozungushiwa vijia vyenye paa la mawe. Humo ndani mandapa bado imesimama, lakini mnara wa patakatifu umeanguka na kuwa rundo la mawe. Nyuma ya ukuta wa mwisho kuna hatua chache za mwamba mtupu, kisha genge. Ukuta wa kusini hauna lango la kutokea kwenye mandhari ile. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa mandhari yenyewe ni ya ajabu: tambarare ya Kambodia imetandikwa chini mpaka upeo wa macho. Lakini aliyepanda njia hii alikuja kukutana na Shiva, na ukumbi wa mwisho ulimfungia macho ili asitazame kingine.

Ustadi mkubwa wa mpango huu ndio huo huo wa kuficha. Kila gopura imekaa juu ya vidato na inaziba kilicho nyuma yake. Hakuna mahali pa kusimama ukaliona hekalu zima kwa mara moja.

Kwa nini mawe huanguka

Mafundi wa Kilwa walijenga kwa chokaa, wakajua kufunga kuba. Wakhmer walipanga mawe ya mchanga makavu, bila chokaa. Jiwe lilisuguliwa juu ya jiwe jingine hadi nyuso zikalingana, kiasi kwamba kiungo kinaonekana kama mstari wa kalamu. Ubora wake ni mkubwa, udhaifu wake pia. Mafundi hawakujali sana kupishanisha viungo kama mwashi wa leo anavyopishanisha matofali. Viungo vya wima vinapofuatana kutoka juu hadi chini, ukuta unakuwa na mpasuko uliokwisha kuandaliwa, unaosubiri mzizi wa mti au msingi kutitia.

Paa za mawe nazo zina kasoro ya kuzaliwa. Tao la kweli hufungwa na jiwe la katikati, na uzito hushuka ubavuni. Wakhmer walitumia njia nyingine. Chukua mafungu mawili ya madaftari, uyasimamishe mbali kidogo. Kila daftari unaloongeza lisogeze ndani kidogo kuliko la chini yake, hadi mafungu yakutane juu. Hilo ndilo paa lao. Linasimama kwa sababu uzito wa nyuma unalizuia lisidondoke mbele. Ukipanua nafasi, linaanguka. Ndiyo maana vyumba vya Wakhmer ni vyembamba kama vijia hata kwenye mahekalu ya kifalme, na palipohitajika nafasi walirudi kwenye mbao na vigae. Jiwe moja la nyuma likitoka, yaliyo mbele yake hayana cha kuyashika.

Ngome bila kuta za ngome

Je, Preah Vihear ni ngome? Linganisha na Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno miaka ya 1593 hadi 1596. Pale kuta ni nene, zimeinama, pembe zimechomoza ili mizinga ilinde kila ubavu, na lango ni finyu. Preah Vihear lina njia pana, iliyonyooka, inayomwongoza mgeni moja kwa moja hadi ndani, na malango yake yana madirisha. Hakuna jemadari angechora hivyo.

Lakini mahali penyewe ni ngome ya asili. Genge limeuzunguka ulimi wa mwamba pande tatu, na anayekaa juu anaona kila kinachotembea kwenye tambarare. Vita vya karne ya 20 vililigundua hilo. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa kikomunisti, Khmer Rouge, tarehe 17 Aprili 1975, wanajeshi wa serikali iliyoshindwa waliendelea kushikilia hekalu hadi tarehe 22 Mei, wakiwa na Thailand mgongoni mwao. Mwaka 1998 wapiganaji wa mwisho wa Khmer Rouge walikubali kujisalimisha wakiwa palepale.

Kati ya matukio hayo mawili kuna moja ambalo lingestahili kutajwa kila jina la Preah Vihear linapotajwa. Juni 1979 serikali ya Thailand iliwakusanya wakimbizi wa Kambodia wapatao 42,000, ikawasafirisha kwa mabasi hadi juu ya mlima huu, na kuwalazimisha kuteremka genge kurudi kwao. Chini kulikuwa na mabomu yaliyotegwa ardhini. Wengi walikufa kwenye mteremko na kwenye mabomu hayo. Hawakuwa askari, na mlima ulitumika dhidi yao kama silaha.

Ramani, paa na masale

Sasa mpaka. Tarehe 13 Februari 1904, Ufaransa, iliyokuwa ikitawala Kambodia, ilitia saini mkataba na Siam, jina la zamani la Thailand. Mkataba ulisema kwamba kwenye Dangrek mpaka utafuata mgawanyiko wa maji. Fikiria paa la nyumba la pande mbili. Tone la mvua linaloangukia upande huu wa mgongo wa paa linashukia uani, la upande ule linashukia barabarani. Mgongo wa paa ndio mgawanyiko wa maji. Kwenye milima ni vivyo hivyo: mstari unapita pale ambapo maji huamua yaende upande gani.

Tatizo linaonekana mara moja. Kwenye mlima wenye umbo la kabari, mgongo wa paa uko karibu kabisa na ukingo wa genge. Hekalu limelala kwenye mteremko wa kaskazini. Thailand ilishika hoja hiyo: maji ya hekaluni yanateremkia kwetu, basi hekalu ni letu.

Lakini mkataba ulisema pia kwamba tume ya pande mbili itaweka mpaka wenyewe. Siam haikuwa na wapima ardhi wa kutosha, ikawaomba Wafaransa wachore. Ramani 11 zikachapishwa Paris na kufika Bangkok mwaka 1908. Katika ile ya Dangrek, mstari ulipita kaskazini ya hekalu, ukaliacha Kambodia. Tume ilikuwa imekwisha kazi yake bila kuidhinisha ramani hiyo. Siam haikulalamika. Waziri Damrong, mwanamfalme, alishukuru na kuomba nakala 15 zaidi za kuwapelekea magavana wa mikoa. Mwaka 1930 Damrong huyohuyo alilitembelea hekalu, akapokewa na ofisa wa Kifaransa chini ya bendera ya Ufaransa, bila kuuliza bendera hiyo inafanya nini pale. Miaka ya 1934 na 1935 wapima wa Siam wenyewe waligundua kwamba ramani na mgawanyiko wa maji havilingani. Wakaendelea kuitumia ramani.

Kambodia ikapata uhuru 1953, Thailand ikaweka walinzi hekaluni 1954, na mwaka 1959 Kambodia ikafungua kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Tahadhari kwa wasomaji wa Kenya hasa: hii siyo ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. ICC hushtaki watu kwa uhalifu. Mahakama ya Haki huamua kesi za nchi kwa nchi, nayo ilikuwepo kwa zaidi ya nusu karne kabla ya ICC.

Hukumu ya tarehe 15 Juni 1962 ilikuwa majaji 9 dhidi ya 3: hekalu liko katika ardhi ya Kambodia, na Thailand iondoe watu wake. Kwa 7 dhidi ya 5, irudishe pia vitu vilivyochukuliwa hekaluni tangu 1954. Wengi hudhani mahakama ilipima maji yanakoelekea. Haikupima. Ilisema haina haja, kwa kuwa Siam ilikuwa imekwisha kuikubali ramani kwa mwenendo wake.

Anayelima Kilimanjaro analijua jambo hili kwa masale. Jirani akipanda masale mpakani, nawe ukayaona, ukamshukuru, ukamwomba miche 15 zaidi, ukamtembelea shambani na kunywa mbege kwake, basi baada ya miaka 50 huwezi kusimama mbele ya wazee ukadai kwamba masale yalipandwa pasipo pake. Hata kama kweli yalipandwa pasipo pake.

Kimya, hata hivyo, hakimfungi mtu kirahisi. Kenya ilijaribu hoja ya jamii hii katika kesi ya mpaka wa bahari na Somalia, ikisema Somalia ilinyamaza tangu Kenya itangaze mstari wake mwaka 1979. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 iliikataa: kimya cha Somalia hakikuwa wazi wala cha kudumu kiasi cha kuhesabiwa kukubali. Kilichoifunga Siam ni kimya pamoja na shukrani, nakala 15 na ziara ya 1930.

Mbona basi haikuisha?

Kwa sababu hukumu ya 1962 ilitaja hekalu na "eneo la karibu" bila kusema ukaribu huo unaishia wapi. Thailand iliondoka, ikazungushia hekalu uzio kwa kipimo chake yenyewe. Kilichobaki na utata ni kilomita za mraba 4.6 hivi pembeni mwa hekalu. Ukisikia watu wakisema "wanagombania hekalu", mara nyingi kinachogombaniwa ni vichaka, mabonde na kilima cha jirani.

Julai 2008 UNESCO iliandikisha hekalu katika Urithi wa Dunia kwa ombi la Kambodia. Bangkok palichafuka, na waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameunga mkono ombi hilo akajiuzulu. Uvumi ulikuwa kwamba UNESCO imegawa ardhi. Haina uwezo huo: mkataba wa Urithi wa Dunia unasema wazi kwamba kuandikishwa kwa mahali hakuathiri haki za nchi zinazogombania eneo. Lakini mahandaki yalichimbwa, na risasi zikaendelea kwa vipindi hadi 2011.

Kambodia ikarudi mahakamani kuomba ufafanuzi, na tarehe 11 Novemba 2013 majaji wote kwa kauli moja wakasema "eneo la karibu" ni ule ulimi wote wa mwamba. Kilima cha jirani, Phnom Trap, hakimo. Kwa hiyo kisheria hekalu na ulimi wake havina swali tena. Sehemu nyingine za mpaka ndizo zenye swali, na ndizo zilizowasha moto wa 2025. Mwezi Mei askari wa Kambodia aliuawa mbali mashariki, karibu na mpaka wa Laos, na mapigano ya tarehe 24 Julai yalianzia karibu na Ta Muen Thom. Kambodia ilipotaja maeneo manne inayotaka yaamuliwe The Hague, Preah Vihear halikuwemo. Thailand haiikubali mamlaka ya mahakama hiyo na inataka mazungumzo ya nchi mbili. Hata hivyo, silaha zikishaanza kufyatuliwa mlimani, jengo la mawe yasiyo na chokaa haliulizwi kama kesi yake imekwisha, na mwaka huo Kambodia ilitoa taarifa za uharibifu hekaluni.

Ukarabati wa jengo kama hili una utaratibu wake. Kila jiwe lililoanguka hupigwa picha pale lilipo na kupewa namba kabla ya kuguswa, kwa kuwa mahali lilipoangukia ndipo penye habari ya mahali lilipotoka. Kisha mawe hupangwa uwanjani, yakijaribiwa moja moja, kiungo kwa kiungo, mpaka safu ikamilike chini ndipo ipandishwe juu. Palipokosekana jiwe huwekwa jipya lisilo na mchongo, ili mtu asidanganyike kwamba ni la kale. Kazi hii huhitaji miaka ya utulivu mfululizo. Bomu likilipuka karibu, mawe yaliyolala kwa mpangilio husogea au kuvunjika, na kumbukumbu za mpangilio huo hupotea nayo.

Hali ya usalama ikiruhusu, anayekwenda hufika kupitia Kambodia, kwa barabara ya zege yenye mwinuko mkali inayohitaji gari la nguvu au pikipiki, au kwa ngazi ndefu ya mashariki. Miezi ya ukavu, Novemba hadi Machi, ndiyo bora, kwani mawe yaliyolowa huteleza vibaya. Usiache njia zilizosafishwa, kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Barabara na ngazi ya mashariki zote humwingiza mgeni kwa ubavuni, akajikuta tayari amepita mwanzo wa hekalu. Teremka kwanza hadi chini kabisa, kwenye mguu wa vidato 162, ugeuke kusini, ndipo uanze kupanda.